Siku Tuliyotoa Vitanda Nje

Watu wengine hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na maziwa kifuani. Mwanangu wa pili hajaota hata jino, na tayari mama yake anaitwa mfanyakazi wa zamani. Kiwanda chetu kimepata meneja mpya kutoka Nairobi, na meneja amekuja na sheria yake: mwanamke anayenyonyesha hana kazi hapa. Nilimuuliza kama kule kwa wafugaji wa Subukia ng'ombe naye hufukuzwa zizini akizaa, au ndipo huanza kuthaminiwa. Akasema nenda salama, Rasoa. Nimekwenda. Huo usalama bado nautafuta.

Hasira ninayo na siifichi. Lakini nikikaa nikakumbuka ile miaka, hasira inanitoka kwa kicheko, maana kazi ile ilikuwa tamu. Nawaandikia nyinyi wasichana mtakaokalia benchi langu kwenye meza ya kupakia. Habari za mshahara mtaziona wenyewe na hamtachelewa kuzimaliza. Cheo sikupewa. Nitawaambia jinsi mkebe wa unga wa pareto, ule wa kuua kunguni, unavyotoka kichwani mwa mtu hadi ukafika chini ya godoro la mtu mwingine, kwa sababu hilo hakuna atakayewaambia.

Nilifika Nakuru kutoka Bunyore nikiwa nimemaliza Form Two katika shule ya misheni, wakati kafyu ya wakoloni ingali inatufungia ndani mapema kama kuku. Kiwanda kilikuwa kidogo, nyuma ya magodauni ya reli, na ukikitafuta ulifuata pua. Mwenyewe alikuwa Bwana Ratilal, Mhindi mwembamba aliyekuwa na mawazo mengi kuliko nafasi ya kuyaweka. Alinipa kalamu, gundi na karatasi za kubandika kwenye mikebe. Akaniambia mimi ni msomi, niandike Kiswahili ambacho mteja ataelewa.

Kabla sijaandika neno, mama mmoja aliyejifunga leso puani akaniondolea kalamu mkononi. Huyo ndiye Bi Zena. Alizaliwa hapa hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni, baba yake alikuja na reli kutoka pwani, na alikuwa mjane mwenye wajukuu wanaomtegemea. Kiswahili changu kilimchekesha kila siku ya Mungu.

"Kalamu haiui kunguni, mwanangu," akaniambia. "Njoo kwanza ujue unachokiandika."

Akanipeleka kwenye magunia. Maua ya pareto yalikuja kwa lori kutoka Molo, Keringet na Kuresoi, yamekaushwa, meupe yenye moyo wa manjano. Bi Zena aliingiza mkono hadi kiwiko, akatoa maua kutoka katikati ya gunia, akayaponda na kuninusisha. Mazuri hukukamata puani kwa ukali halafu ulimi unakufa ganzi. Yaliyokaa juani sana hunuka majani makavu, basi. Pareto haipendi jua, alisema. Jua linaila nguvu yote. Lishikeni hilo neno, maana litarudi. Siku hiyo ya kwanza nilipiga chafya mpaka mashine ya kusaga ikasimama nikadhani nimeizima mimi.

Wakati huo kiwanda kilisaga unga wa kuuzia wazungu wa mashamba, wa kunyunyizia mbwa na ng'ombe. Wazo la Bwana Ratilal lilikuwa hili: mbwa wa mzungu analala bila kiroboto, na watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wanalala na kunguni, kwa nini asiwatengenezee watu hao unga wao, kwenye mkebe mdogo wanaoweza kuununua? Wazo zuri. Nimeishi kwenye nyumba hizo na sijui kama kuna zuri kulishinda.

Tukaanza kuchanganya. Pareto peke yake ni ghali, kwa hiyo inatiwa udongo mweupe wa Kariandusi, ambao ni mwepesi kama majivu na unashika mahali unapoangukia. Kazi ni kujua kiasi. Ili kujua kiasi unahitaji kunguni walio hai, na hapo ndipo Bwana Ratilal alipotuita wote na kutuomba kila mtu alete wachache kutoka nyumbani kwake ndani ya chupa.

 Fundi wa mashine akasema yeye kwake ni safi sana. Mpakiaji mmoja akakubali kwamba kwake waliwahi kuonekana, ila ni zamani, wakati wa mpangaji aliyehama. Bi Zena akasema katika ukoo wao hawajawahi kumjua huyo mdudu. Mimi nilitazama dari. Bwana Ratilal alishika kichwa.

"Nakuru yote haina kunguni?" akauliza. "Sasa mimi natengenezea nani dawa?"

Asubuhi iliyofuata, nje ya lango, chupa zilikuwa zimepangwa ukutani kama watoto wa shule. Chupa ya dawa ya kikohozi, chupa ya soda, chupa ya wino, zote zimefungwa kitambaa mdomoni na zote zina wageni. Hakuna iliyokuwa na jina. Bi Zena aliokota moja ya mafuta ya nywele, akaisogeza sikioni mwangu akasema polepole, "Hii yanukia kichwa chako." Tukacheka mpaka tukashikana. Hapo palikuwa na somo zima la biashara, limepangwa ukutani, na sote tuliliokota tukaingia nalo ndani bila kulisoma.

Mchanganyiko wa kwanza haukufaa. Kunguni walipita juu yake kama wazee wa kanisa wanaokwenda mbele kusoma. Tukaongeza pareto, tukasaga tena. Bi Zena akaacha chekeche la kawaida akachuja kwa kitambaa cha buibui lake la zamani, unga ukawa laini wa kushika hata kwenye kioo. Huo ndio uliowapindua miguu juu. Tulipiga makofi juu ya bakuli la wadudu waliokufa, watu wazima, tena mchana. Halafu mkebe: matundu ya kifuniko yakiwa makubwa, unga unamwagika wote kitanda cha kwanza, yakiwa madogo, yanaziba. Tulitoboa vifuniko kwa misumari ya kila aina, na uliofaa ulikuwa wa fundi viatu. Nakumbuka siku mkebe ulipotoa unga vizuri, kama mtu anayetia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Mwenzangu, hakuna raha kama hiyo. Kitu ambacho jana hakikuwapo duniani, leo unacho mkononi, kinafanya kazi.

Jina ndilo Bwana Ratilal alilolichagua peke yake, bila kuuliza mtu. Akauita Askari, akachapisha mikebe yenye picha ya askari na bunduki yake. Nilimwambia watu wamechoka kumwona huyo mlangoni, sembuse kitandani. Akaniambia mikebe imekwisha kuchapishwa.

Kufikia hapo nilikuwa nimeolewa na fundi wa karakana ya reli, nimehamia kwake kwenye laini, na nimemzaa Beti. Sheria ya wanyonyeshao haikuwapo. Mdogo wangu alikuja kumshika mtoto, nami nilikimbia nyumbani saa ya chakula kunyonyesha, nikarudi na maziwa yamechora ramani kwenye gauni. Kazi haikulala hata siku moja. Meneja mpya angeuliza, angeambiwa.

Askari akaenda madukani. Na madukani akakaa. Nilisimama kwenye duka la laini nikaona kwa macho yangu: wanawake wanaingia, wananunua chumvi, wanautazama mkebe kwa jicho la pembeni, wanatoka. Duka ni baraza, na kila mtu anayesubiri nyuma yako ana masikio. Mwenye kununua sabuni ni mtu safi. Mwenye kununua dawa ya kunguni, wote nyuma yake wanajikuna.

Godauni ilijaa. Mwishoni Bwana Ratilal alituambia, naye hakufurahi kusema, kwamba mvua kubwa zikianza na mikebe ile ingali ndani, ataacha unga wa watu na mashine itasaga chakula cha kuku. Chakula cha kuku kinataka wanaume wa kubeba magunia. Meza ya kupakia ingevunjwa, na sisi wanawake tungekwenda nyumbani.  Bi Zena alikunja leso yake vizuri, akaikunjua, akaikunja tena. Ni hapo nilipojua kwamba nitauza ule unga hata kama itabidi nimeze mkebe mmoja.

Nilichukua kikapu nikaanza mlango kwa mlango, kwenye laini yetu wenyewe. Mlango wa kwanza ulikuwa wa jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Okumu, mwanamke mkubwa mwenye ulimi ambao laini yote inauogopa na kuupenda.

"Nani amekuambia kwangu kuna kunguni?"

Nikasema hakuna aliyesema, mama, hii ni ya kuzuia tu.

"Basi wapelekee walio nao. Nenda pale kwa Mnyore mwenzako."

Kwa Mnyore mwenzangu nikaambiwa niende mlango wa tatu. Mlango wa tatu wakanituma ng'ambo. Nilizunguka laini nzima nikitumwa kwa jirani, mpaka nikajikuta mbele ya mlango wangu mwenyewe. Nikacheka kwa hasira, nikaingia ndani, nikafungua mkebe mmoja nikanyunyiza kitanda chetu, mianya ya ukuta na pembe zote. Beti alilala bila kujikuna kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mimi nilimtazama tu.

Asubuhi Mama Okumu alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mama Beti, wageni wako walifika salama. Wamelala kwangu, wamekula, wameshiba."

Nilitaka kukataa, lakini shingo yake ilikuwa imeandikwa kila kitu. Ndivyo pareto ilivyo: wale isiowaua mara moja inawachoma wakimbie, na wa kwangu walikuwa wamepita kwenye ukuta. Nyumba za laini si nyumba. Ni nyumba moja ndefu iliyokatwa vyumba. Ukitibu chumba kimoja, umemhamishia mwenzako ugonjwa. Ina maana hata kama kila duka lingeuza mkebe mmoja mmoja, kila mkebe ungezaa ugomvi mmoja, na ungekuwa ndio mwisho wa Askari.

Mama Okumu alikuwa bado anasema. Alisema mpaka akachoka, nami nikamletea chai, maana ilikuwa haki yake. Alipokuwa anainywa nikamuuliza jambo. Kila Krismasi, wageni wa kutoka nyumbani wanapokaribia, laini yote hutoa vitanda nje na kumwagia maji ya moto, mchana kweupe, hata yeye. Mbona siku hiyo hamna aibu?

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Krismasi ni kila mtu. Nani atamcheka nani?"

Nikaiacha chai yake na yangu pale, nikakimbia kazini. Bi Zena aliniona nikija bila viatu akadhani mtoto ameanguka.

Mvua haikuwa mbali na Krismasi ilikuwa mbali. Kwa hiyo ilibidi tutengeneze yetu. Jioni nilikwenda kwa Mzee Wafula, nyapara wa laini, mtu wa maneno machache na kofia ya reli asiyoivua hata mezani. Nikamweleza kwamba haifai mtu mmoja mmoja, ni laini yote siku moja au basi. Nikamwomba awaombe watu watoe vitanda Jumamosi, wakishatoka kazini mchana.

"Nikiwaomba hawatatoa," akasema. "Nikiwaamuru watanung'unika, lakini watatoa. Mtu aliyeamriwa hana aibu."

Halafu akasema itabidi kitanda chake kitoke cha kwanza. Ndani nyuma ya pazia mke wake akaangusha sufuria. Sikusubiri kusikia zaidi.

Bwana Ratilal naye alipenda mpango, akaupenda kupita kiasi. Alitaka kuleta gramafoni, bendera na mtu wa kupaza sauti. Nikamwambia, Bwana, leta mikebe yote kwa mkokoteni, uiweke kwenye meza karibu na bomba, halafu ukae kivulini na unyamaze. Wewe ukitangaza kunguni, watu watarudisha vitanda ndani. Siku hiyo hatunadi bidhaa. Siku hiyo ni amri ya nyapara. Akakaa kivulini. Ilimuuma, lakini akakaa.

Jumamosi hiyo, kwanza palikuwa patupu. Milango imefungwa, mapazia yanatikisika. Halafu mlango wa Mzee Wafula ukafunguka na kitanda chake cha chuma kikatoka, yeye mbele na kofia yake, mke nyuma akiangalia chini kama anayekwenda mahakamani. Wakakiweka katikati ya uwanja. Mama Okumu akatoka na cha kwake, cha mbao, akiwa amekibeba karibu peke yake, mume ameshika ncha tu kwa heshima. Halafu milango yote. Vitanda vya chuma, vya mbao, kimoja kilikuwa ni mlango wa zamani juu ya madebe. Moto ukawashwa, birika zikaimba, maji ya moto yakamwagwa kwenye viungo na jua likafanya kazi yake.

Wanawake walifika mezani, wakalipa na kuchukua mikebe, maana amri ni amri. Wakataka kunyunyiza pale pale juani. Bi Zena akapanda juu ya benchi.

"Atakayefungua mkebe juani nitamfungua yeye," akasema. "Pareto haipendi jua. Kitanda kikauke, kiingie kivulini, ndipo."

Basi wakangoja. Na katika kungoja, mkebe mkononi, hakuna la kufanya, wakaanza kusema. Mmoja akasema wa kwake wanapenda pembe ya ukutani. Mwingine akasema wa kwake wanaanza na mume. Mke wa Mzee Wafula, aliyekuwa hajainua macho tangu kitanda chao kitoke, akasema wa kwao wanaanza na kofia. Uwanja wote ukaanguka kwa kicheko, na Mzee akaivua ile kofia akaitazama ndani. Niliwaona watu ambao walikuwa wamelala na siri moja miaka yote, ukuta kwa ukuta, wakiitoa nje pamoja na magodoro.

Jua lilipoinama tulipita chumba kwa chumba, Bi Zena na mimi, tukionyesha jinsi ya kugonga mkebe kwa kidole usimwagike. Vyumba vyote jioni moja, hakuna ukuta wa kukimbilia. Jumapili asubuhi kila mtu alifagia, na mbele ya kila mlango palikuwa na rundo lake jeusi la kunguni waliokufa. Kanisani tulichelewa wote, maana watu walikuwa wanatembeleana kuangalia.

"Njoo uone wangu," Mama Okumu akaniita kutoka mlangoni kwake. "Wako ni watoto. Hawa ndio wazazi wao."

Godauni ilikuwa tupu, sakafu nzima inaonekana, kabla ya mvua. Laini za polisi zikatuma mtu, mashamba ya Njoro na Molo yakatuma manyapara wao, na kila mahali tulisema lile lile: siku moja, wote, kwa amri. Mvua ilipopiga bati tulikuwa mezani tunapakia, tukipiga kelele kushinda bati. Na hakuna mtu aliyewahi kuuita ule unga Askari. Madukani wanawake walisema, nipe ya Jumamosi. Mikebe mipya ilipochapishwa, Bwana Ratilal aliniita akaniuliza nani ananunua unga huu na anauitaje, na safari hii alingoja jibu. Ndiyo maana mkebe mnaoujua una picha ya kitanda juani na jina lake ni Jumamosi. Askari alistaafishwa, na wala hakuwa ananyonyesha.

Sasa zamu yangu. Wasichana, Bi Zena yupo bado mezani na chekeche lake; mkaribieni, vumilieni chafya. Kabla hamjatengeneza kitu, ulizeni mtu atakinunulia wapi, na ni nani atakuwa amesimama nyuma yake. Meneja akiwaambia mnyonyeshaji hawezi kazi, mwambieni mkebe anaouza ulitengenezwa na mwanamke mwenye gauni lililolowa maziwa. Mwambieni kwa adabu. Mimi nilimwambia bila.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya vitanda tena. Zamani mkebe wangu ulitoka kazini. Sasa ilibidi niende dukani kama watu. Palikuwa na foleni, na mtoto mgongoni alikuwa analia. Mbele yangu wanawake walisema nipe Jumamosi, nipe Jumamosi, kwa sauti ya chini ile ile, miaka yote hii. Nikafika mbele.

"Nipe dawa ya kunguni," nikasema. "Wako kwangu."

Mwenye duka akaacha mkono hewani. Nyuma yangu foleni ikasogea nyuma hatua moja. Halafu mkono mkubwa ukapita begani kwangu ukagonga meza.

"Na mimi," akasema Mama Okumu. "Wa kwake wakija tena, wanikute tayari."

Tukatoka tukaenda kubeba kitanda changu, yeye ameshika kichwani, mimi miguuni, na mtoto mgongoni amelala.